Risasi Ndani ya Risasi: Uhakiki wa Istilahi za Bastola Ndogo

Ndugu mmoja, msomaji wa jarida hili aishiye Marekani, ametuletea kurasa kumi na mbili alizopewa na jirani yake. Kurasa hizo zimetolewa katika Kiingereza na kutiwa katika Kiswahili na mfasiri asiyetaja jina lake. Jambo lake ni moja tu: namna mtu wa kawaida awezavyo kuchagua bastola ndogo, pamoja na risasi zake, ili aichukue mwilini kila siku bila kuonekana. Ndugu huyo hakutuuliza kama ni vyema mtu kutembea na bastola au si vyema. Ametuuliza kama Kiswahili kilichomo humo kinafahamika, kwani yeye na jirani yake wamezisoma kurasa hizo mara kadha wa kadha, na kila mmoja ametoka na maana yake.

Tumelipokea swali hili kwa uzito, na sababu zetu ni mbili. Kwanza, wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani si haba, hasa waliofika huko kwa njia ya ukimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Na nchi hiyo wanayoishi ina sheria za silaha zisizofanana na zetu. Tarehe 23 Juni 1922 isingewahusu, lakini tarehe 23 Juni 2022 inawahusu: siku hiyo Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililotoka New York, iliamua kwamba raia ana haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa hayamdai mtu mzima kibali chochote kwa jambo hilo. Pili, sisi wenyewe hapa Tanzania tumekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama tangu mwaka 2021, na sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haina budi kusomeka kwa lugha hiyo mbele ya hakimu, askari na mshtakiwa. Neno lililolegea katika kurasa za jirani wa Marekani ndilo hilo hilo lililolegea katika hati ya mashtaka ya kwetu.

Neno hilo ni risasi.

Tuanze na asili yake. Neno hili ni la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: yale mazito, laini, ya kijivu, yayeyukayo kwa moto mdogo. Maana hiyo haijafa. Mtu mzima aliyesoma zamani bado huiita penseli kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe, na fundi wa mabomba hujua risasi ni kitu gani pasipo kufikiri bunduki. Kutoka katika madini jina likahamia katika donge lililosubuliwa kwa madini hayo. Katika zama za gobore uhamaji huo haukumtatiza mtu, kwa kuwa mwindaji alivitia vitu vyake kimoja kimoja kwa mikono yake: akamimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia, akatia risasi au marisau, kisha akaweka fataki mahali pake. Kila kitu kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na kitu.

Ndipo katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vikavifunga vitu vyote vinne pamoja katika kikopo kimoja cha shaba nyeupe: fataki kitakoni, baruti katikati, donge la risasi mdomoni, na kikopo chenyewe kikivishika vyote. Kitu kipya kikafika pwani na bara, nacho kikahitaji jina. Kamusi za kale zimetuhifadhia jina moja zuri, kiasi cha bunduki, wingi wake viasi. Maana yake ni kile kipimo cha kuitosha bunduki mara moja. Lakini jina hilo halikushika. Watu wakachukua jina la donge wakalipa kikopo kizima, na tangu hapo twasema risasi kwa madini, risasi kwa donge lirukalo, risasi kwa kikopo kizima kabla hakijapigwa, na risasi kwa shehena yote iliyomo ghalani.

Mtu atasema: basi na iwe hivyo, muktadha utaeleza. Mara nyingi huo ndio ukweli. Tukisoma kwamba fulani amepigwa risasi ya mguu, twajua ni donge; tukisoma kwamba amekamatwa na bastola na risasi sita, twajua ni vikopo vizima. Hata wenye Kiingereza, katika mazungumzo ya mtaani, hulichukua jina la donge wakaliita kikopo, na mafundi wao hawaishi kuwanung'unikia. Kwa hiyo kosa si la Kiswahili peke yake. Lakini ipo mahali ambapo muktadha hauelezi kitu, nayo ni pale sentensi moja inapovitaja vyote viwili. Kurasa tulizoletewa zina sentensi mbili za namna hiyo, na zote mbili ni za hatari.

Ya kwanza ni hii tunayoinakili kama ilivyo: risasi za .38 na risasi za .357 zina kipenyo kimoja, hivyo bastola moja yaweza kutumia zote mbili. Msomaji wa Kiswahili atafahamu nini? Atafahamu kwamba vikopo hivyo viwili ni ndugu pacha, na kwamba mwenye bastola ya .38 aweza kuingia dukani akanunua .357 akaitia. Sivyo kabisa. Kilicho na kipenyo kimoja ni donge: katika .38 Special na katika .357 Magnum donge lina inchi 0.357, yaani milimeta 9.07. Vikopo vyenyewe havilingani. Kile cha .38 Special, kilichotolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19, kina urefu wa kama milimeta 29; kile cha .357 Magnum, cha miaka ya 1930, kina urefu wa kama milimeta 33. Nyongeza hiyo ilitiwa makusudi, ili kikopo chenye nguvu nyingi kisiingie katika bastola isiyoweza kuistahimili. Nguvu hiyo si tofauti ya kupuuzwa: kikomo cha .38 Special ni paundi 17,000 kwa inchi mraba, na cha .357 Magnum ni paundi 35,000. Bastola ya .357 hupokea .38 kwa salama, bastola ya.38 haipokei .357. Tena ziko bastola kongwe, za namna ya zile za jeshi zilizotengenezwa na Colt tangu mwaka 1892, ambazo matundu yake yalitobolewa moja kwa moja pasipo kizuizi ndani. Humo kikopo kirefu huingia bila ubishi, na mkosaji hajui amekosa mpaka chuma kipasuke mkononi mwake.

Tumeona Kiingereza cha asili, naye ndugu yetu alikuwa amekibandika nyuma ya kila ukurasa. Mwandishi wa kwanza hakukosea. Alitumia neno moja kwa donge na neno lingine kwa kikopo, na akataja wazi kwamba bastola anayoisema ni ile iliyoundwa kwa .357. Mfasiri naye hakuwa mzembe. Alitafuta neno la Kiswahili kwa donge akapata risasi, akatafuta neno la Kiswahili kwa kikopo akapata risasi. Lugha ndiyo iliyomwangusha.

Sentensi ya pili ni fupi zaidi na imetutisha zaidi. Yasema kwamba katika bastola nyepesi mno, risasi huweza kutoka zenyewe. Msomaji ye yote mwenye akili timamu atadhani kwamba bastola hiyo hujifyatua, naye ataitupa baharini. Jambo lenyewe ni jingine. Bastola ndogo za chuma cha pua huwa na uzito wa kama gramu 550. Zile zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini hushuka hadi gramu 420 hivi, na ziko nyepesi kuliko hizo. Kadiri silaha inavyopungua uzito ndivyo inavyopiga teke mkononi, na teke hilo huvivuta nyuma vikopo vilivyobaki humo bila kupigwa, ilhali madonge yao, kwa uzito wake, hubaki nyuma ya mwendo huo. Baada ya mapigo mawili matatu, donge lisilobanwa vema huchomoza katika kikopo chake, likajitokeza mbele, likagota kwenye fremu, na bastola isizunguke tena. Hilo ndilo alilotaka kusema mfasiri: kwamba risasi huchomoka katika risasi. Aliiona sentensi hiyo haina maana, akairekebisha kwa kufuta risasi moja. Nani amlaumu?

Sasa dawa. Tumepata kusikia wenzetu wakipendekeza tuchukue neno la Kiingereza tuliandike katriji. Hatulikatai kwa kuwa ni la kigeni. Risasi, bastola, bunduki na baruti zote zilitoka ng'ambo. Twalikataa kwa kuwa limekwisha pata kazi nyingine: leo katriji ni kile chombo cha wino cha mashine ya kuchapia, na kijana wa ofisini hajui nyingine. Ama kiasi cha bunduki, twakiri kwamba tunakipenda. Lakini hebu mtu ajaribu kuandika leo: polisi walikuta kiasi cha bunduki. Kila msomaji ataendelea kungoja aambiwe ni kiasi gani. Neno hili limechakaa kwa kazi ya kuhesabu, na kulirudisha silahani ni kumrudisha mzee aliyekwisha staafu.

Kwa maoni yetu dawa imo tayari katika taarifa za polisi, nasi wakaa mezani tumechelewa kuiona. Kwa miaka mingi askari wanaokwenda mahali pa tukio wameandika kwamba wameokota maganda matatu ya risasi, au kwamba mwilini mwa marehemu kumetolewa kichwa cha risasi. Hakuna kamati iliyowafundisha. Walikuwa na vitu viwili mkononi, kimoja kitupu cha shaba na kimoja kizito cha madini, wakaona haya kuviita jina moja mbele ya hakimu. Tunapendekeza basi kwamba risasi libaki kuwa jina la kitu kizima, kama watu wanavyolisema, na kwamba sehemu zake ziitwe kichwa, ganda, baruti na fataki. Hapo sentensi ya kwanza itakuwa: vichwa vya risasi za .38 na za .357 vina kipenyo kimoja, lakini maganda yake hayalingani urefu. Na ya pili: kichwa cha risasi huweza kuchomoza katika ganda lake. Mtoto wa shule ataelewa.

Tunajua neno kichwa litaletewa pingamizi. Risasi ya kichwa ni msiba, kichwa cha risasi ni kidude, na mwandishi wa haraka aweza kuvipindua. Twajibu kwamba Kiswahili kinaishi na mipinduko ya namna hiyo kila siku, na kwamba kiunganishi kikikaa mahali pake hakuna mashaka. Fataki nayo ina balaa yake. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio zetu zililitumia jina hilo kwa mwanamume mzima afuataye mabinti wa shule, likapendwa mno. Leo ukimwambia mwanafunzi kwamba kila risasi ina fataki kitakoni, darasa zima litacheka. Wacheke. Neno ni la zamani, ni sahihi, na hatuna jingine.

Tukiisha kukitenga kichwa na ganda, mambo mengine mengi hujinyoosha yenyewe. Kurasa zetu zazungumzia vichwa vya namna namna, kwa kuwa ndilo shauri kubwa la anayechagua risasi kwa bastola ya mtutu mfupi. Kuna kichwa kilichotobolewa kishimo mbele ili kipanuke kinapoingia. Kuna kichwa bapa kabisa, kilichobuniwa kwa kutoboa shabaha za karatasi kwa duara safi, ambacho wengi hukipendelea katika bastola ndogo kwa kuwa teke lake ni dogo. Mfasiri, akikosa neno kichwa, ameiita ya kwanza risasi tupu. Risasi tupu! Msomaji wetu, anayezijua risasi za moto na risasi baridi kutokana na habari za maandamano, atadhani ameuziwa ganda lisilo na kitu. Twasema: risasi ya kichwa-kishimo, na risasi ya kichwa-bapa. Na kwa kuwa watu hupenda kuuliza, tutaje kwamba vichwa vipanukavyo vilikatazwa vitani na tamko la The Hague la mwaka 1899, lakini katazo hilo ni la majeshi. Polisi na raia wa Marekani huvitumia, na sababu moja inayotajwa ni kwamba kichwa kilichopanuka hakielekei kumpita mtu kikamdhuru aliye nyuma yake.

Uzito wa vichwa hivyo ndio uliotupatia kicheko, kisha ukatunyima. Waingereza na Wamarekani huupima kwa kipimo kidogo sana ambacho jina lake katika lugha yao ni lile lile la punje ya nafaka. Mfasiri ameandika: chagua risasi yenye punje 158. Jirani wa ndugu yetu alifahamu kwamba ndani ya risasi moja mna vijipande 158 kama marisau. Ndugu yetu mwenyewe alifahamu kwamba ni punje za baruti. Wa pili alikuwa na hatari zaidi, maana wako watu wajazao risasi zao wenyewe nyumbani, na kwa kipimo hicho hicho baruti hupimwa pia. Atakayeweka baruti ya uzito wa kichwa hatasimulia. Kipimo kimoja cha namna hii ni kama miligramu 65, na 158 yake ni gramu 10 na kidogo. Hatuoni njia ila kukiita greni, na katika mabano kuandika gramu. Punje na ibaki shambani.

Kuna mahali ambapo mfasiri amepotea kwa kufasiri kupita kiasi. Amekutana na jina .38 Special akaandika .38 Maalumu. Amekutana na Chiefs Special, bastola ya risasi 5 ambayo Smith & Wesson waliionyesha mwaka 1950 mbele ya mkutano wa wakuu wa polisi, akaandika Maalumu ya Machifu, hata tukamwona Mangi amekaa barazani na bastola kiunoni. Amekutana na alama ya +P akaandika jumlisha P. Haya si makosa ya msamiati. Ni kutokujua kwamba alama si istilahi. Istilahi husemwa, alama husomwa juu ya kitu. Mnunuzi atageuza risasi atazame kitakoni mwa ganda, na hapo ataona maandishi yaliyochongwa kiwandani. Maandishi hayo ndiyo atakayoyalinganisha na yale yaliyochongwa katika mtutu wa bastola yake. Ukimfasiria alama umemnyang'anya ufunguo. Kilicho wajibu wa mfasiri ni kueleza, pembeni, kwamba P ni ya kanieneo, neno ambalo walimu wetu wa fizikia wamelizoea, kwamba.38 Special ya kawaida ina kikomo cha paundi 17,000 na ile ya +P kikomo cha 20,000. Na kwamba bastola nyingi za zamani za fremu ya alumini hazikuundwa kuistahimili.

Ajabu ni kwamba mfasiri huyu huyu, pale alipotakiwa kuacha tarakimu zilivyo, amezigeuza. Ameichukua .38 akaizidisha kwa 25.4 akapata milimeta 9.65, akajivunia. Hesabu ni sahihi na habari ni ya uongo. Tumekwisha ona kwamba kichwa hicho kina milimeta 9.07. Namba .38 ni urithi wa risasi za kale ambazo kichwa kilikuwa na unene sawa na ganda. Ganda likabaki na unene wake, kichwa kikapunguzwa kiingie ndani, jina halikubadilishwa. Ni jina, kama vile mji wa Kilwa Kivinje ni jina. Hatuendi kupima mivinje.

Hapa tulistahili kusema neno juu ya kaliba. Baadhi ya wenzetu hulichukia kwa kudhani ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Wataalamu wengi wa asili za maneno huona kwamba neno hilo la Kizungu lenyewe lilitoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya kielezo cha kusubia, na neno hilo hilo la Kiarabu ndilo lililotupa kalibu, chombo cha kuyeyushia na kusubia madini. Kalibu na kaliba ni ndugu waliopotezana, mmoja akaja kwa jahazi na mwingine akazunguka Ulaya. Tena kaliba limekwisha ingia mdomoni mwa watu kwa maana ya hadhi, tunaposema mtu wa kaliba yake. Silahani twalipokea kwa jina la namna ya risasi. Kwa kipimo tuseme kipenyo.

Turudi katika silaha yenyewe. Neno bastola katika Kiswahili hubeba jamii yote ya silaha za mkono mmoja: ile yenye magazini ndani ya kishikio, na ile yenye kipande cha mviringo kizungukacho, chenye matundu matano au sita, kila tundu na risasi yake. Samuel Colt alipata hataza ya Marekani kwa namna hiyo ya pili mwaka 1836, na hata leo wanaotafuta silaha ndogo isiyo na mambo mengi huirudia. Kurasa zetu zote zahusu hiyo ya pili, lakini mfasiri ameziita zote bastola, hivyo pale mwandishi anapozilinganisha tumesoma sentensi kwamba bastola hukwama mara chache kuliko bastola. Jina rivolva linajulikana kwa wasomaji wa hadithi za upelelezi, na hatuoni aibu kulikubali, bastola likibaki kuwa jina la jamii. Bastola ya kuzunguka, iliyopendekezwa na wengine, twaikataa: bastola haizunguki. Kizungukacho ni kile kipande chenye matundu, nacho walimu wa hesabu wangetaka tukiite mcheduara. Twawaheshimu, lakini mcheduara ni umbo na hiki ni chombo. Mafundi wa magari wana silinda, na silinda hii ni binamu ya ile. Ama mtutu, hilo ni neno zima lisilohitaji utetezi, na kasiba ni mwenziwe wa kale. Asiwepo mtu wa kutuletea pipa kwa sababu tu Kiingereza kina neno moja kwa mtutu na kwa pipa.

Mambo mawili madogo. Mfasiri ameandika kwamba rivolva nyingi hazina usalama. Alichokusudia ni kile kiwiko kidogo cha kuzuia kifyatuo, na kweli rivolva nyingi hazina kiwiko hicho, kisemwe kizuizi. Tena ameandika bastola isiyo na nyundo, akimfuata Mwingereza. Mwingereza mwenyewe amekosea: bastola za namna ile iliyotolewa mwaka 1952 zina nyundo, ila imefunikwa ndani ili isinase katika nguo wakati wa kuchomoa. Mfasiri si mtumwa wa kosa la asili. Nyundo ya ndani ndiyo kweli, na ndiyo fupi.

Limebaki jambo ambalo sisi wenyewe tumebishana juu yake bila kumaliza. Ni lile lililo katika kichwa cha habari cha kurasa hizo: kuchukua silaha isionekane. Mfasiri ameandika kuficha silaha. Katika masikio yetu kuficha silaha ni kosa tayari. Anayeficha amefanya jambo, au anataka kulifanya, na hakimu akisikia tafsiri hiyo kinywani mwa mkalimani atakuwa amekwisha nusu ya hukumu. Mtu wa Marekani anayesemwa hapa hafichi kwa maana hiyo. Sheria ya jimbo lake yajua, na pengine yamtaka aifunike, kwa kuwa ziko sehemu ambako silaha ya wazi ndiyo iliyokatazwa. Mmoja wetu amependekeza kusitiri: kuchukua silaha kwa sitara. Neno hili lina kitambaa na lina adabu, halina hatia. Mwingine amepinga, akasema kwamba sitara ni ya mwili wa mwanadamu na aibu zake, na kwamba kuitia bastola katika sitara ni kuipa heshima isiyoistahili. Yeye ataka kusema wazi, kuchukua silaha chini ya nguo. Wa tatu amekumbusha kwamba jambia la wazee wa pwani na Oman lilivaliwa wazi kiunoni ili lionekane, na kwamba huenda lugha yetu haina neno kwa sababu hatukuwa na desturi. Kwa chombo cha kuitilia, kwa bahati, hatukubishana: ala. Kisu kina ala, upanga una ala, na bastola hutiwa ala na huchomolewa humo vile vile.

Kurasa tumezirudisha Marekani zikiwa zimesahihishwa mahali 43. Pale penye habari ya .38 na .357 tumepiga mstari mwekundu mara mbili, tukamwomba ndugu yetu asingoje barua, bali amsomee jirani yake sentensi hiyo kwa simu siku ile ile. Juu ya kusitiri na kuficha tumeacha nafasi tupu ukurasani, na nafasi hiyo tunawafungulia wasomaji wa Tanzania, Kenya, Kongo na kwingineko, hasa wakalimani wa mahakamani, watuletee lile wanalolitumia.